Mafuta ya Damu Hayaumi: Maswali Kuhusu Chakula, RNA na Ini

Katika kliniki ya presha na kisukari ninakofanya kazi hapa Kisumu, kuna mgonjwa ninayemwona mara nyingi mno. Alianzishiwa dawa ya kolesteroli, akaitumia miezi miwili au mitatu, akajiona mzima, akaiacha bila kumwambia mtu, kisha akaletwa na jamaa zake mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote walio katika njia ile ile na bado hawajafika mwisho wake.

Kolesteroli ni nini, na trigliseridi ni nini?

Kolesteroli ni mafuta yanayofanana na nta, ambayo mwili huyatumia kujenga kuta za seli, homoni na nyongo. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa na ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, husafiri katika damu yakiwa yamefungwa ndani ya vifurushi vyenye protini. Kifurushi kiitwacho LDL hupeleka kolesteroli mwilini, na kinapozidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kuacha mzigo wake humo. HDL hukusanya iliyozidi na kuirudisha kwenye ini.

Nimesikia kuhusu RNA zisizounda protini. Zinahusianaje na mafuta?

DNA ya binadamu, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, ni ndefu sana, lakini chini ya asilimia 2 yake ndiyo yenye maagizo ya kutengeneza protini. Kutoka katika sehemu iliyobaki, seli hunakili RNA, yaani nakala fupi za maandishi hayo, za namna nyingi ambazo kazi yake ni kuongoza jeni (vinasaba) nyingine: ipi ifanye kazi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Ndogo zaidi kati ya zinazofahamika sana ni maikroRNA, yenye urefu wa herufi 22 hivi. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliigundua mwaka 1993 wakichunguza mnyoo mdogo wa maabara, na mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel. MaikroRNA hujibandika kwenye RNA inayobeba maagizo, na maagizo hayo hayatekelezwi, au hutekelezwa nusu nusu.

Kwa habari ya mafuta, mbili zatosha kutajwa. Ya kwanza ni miR-122, ambayo ndiyo nyingi kupita zote ndani ya ini; wanasayansi walipoizuia kwa panya, kolesteroli ya damu ilishuka. Ya pili ni miR-33, ambayo imekaa ndani ya jeni ile ile inayoliamuru ini litengeneze kolesteroli. Kolesteroli inapopungua ndani ya seli, jeni hiyo huamka, na miR-33 huamka nayo na kufunga mlango ambao kolesteroli ingetokea kwenda kwenye HDL, kama mama mwenye ghala anavyofunga ghala lake miezi ya njaa. Huo ni utaratibu mzuri kwa mwili unaokumbwa na njaa. Kwa mtu anayekula chipsi kila jioni, ini lake halina njaa yoyote ya kukabiliana nayo.

Chakula kinaingiaje hapo?

Kwa njia nyingi, na si zote zinazopitia kwenye RNA. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaotaka jina moja la kisayansi lieleze kila kitu.

Mafuta yanayoganda, kama samli, mafuta ya nyama na mafuta magumu ya kupikia, hupunguza vipokezi ambavyo ini hutumia kuvuta LDL kutoka kwenye damu, na kwa hiyo LDL hubaki ikizunguka. Mafuta ya transi, ambayo hupatikana zaidi katika mafuta yaliyogandishwa viwandani, ni mabaya kuliko hayo, kwa kuwa hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe katika vyakula duniani kote. Sukari nayo, ya soda au ya chai yenye vijiko vinne, hugeuzwa mafuta na ini inapozidi, na mafuta hayo hutoka yakiwa trigliseridi au hubaki yamejaa ndani ya ini lenyewe. Pombe hufanya vivyo hivyo, iwe ya chupa au busaa.

Kuhusu RNA, panya wa maabara wanaolishwa mafuta mengi hubadilika viwango vya maikroRNA kadhaa ndani ya ini, na viambato fulani vya mbegu za zabibu vimeonekana kushusha miR-33 na miR-122 kwa panya. Ni ujuzi wa maana, kwa sababu unaonyesha kwamba chakula hakipiti tu tumboni kama mzigo, bali hubadilisha namna ini linavyojiendesha. Lakini panya hao walipewa vipimo vilivyopangwa, chini ya uangalizi. Tena, panya waliozaliwa bila miR-33 kabisa walinenepa na kujaa mafuta kwenye ini walipolishwa mafuta mengi. Yeyote anayekuahidi kwamba ataizima RNA fulani nawe upone, mwulize ni nini kingine kitakachozimika pamoja nayo.

Basi nile nini hapa kwetu?

Chakula chetu cha zamani kina mengi mazuri. Mrenda una utelezi ambao ni nyuzinyuzi zinazonasa chumvi za nyongo tumboni na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na ili lifanye hivyo huvuta LDL kutoka kwenye damu. Maharagwe, kunde na nyoyo (mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe) husaidia kwa njia hiyo hiyo. Njugu na parachichi zina mafuta laini yanayofaa kuchukua nafasi ya mafuta magumu. Osuga (mnavu) na dek (mgagani) ni mboga njema, ila ukizimiminia samli mpaka zielee, umeondoa faida uliyoitafuta. Ugali upungue sahanini na mboga ziongezeke.

Sina neno na samaki wa ziwani. Omena wa mchuzi, na ngege aliyechemshwa kwa nyanya na dania, ni chakula ninachokisifu kwa wagonjwa wangu. Neno langu ni kuhusu karai. Mafuta yanayokaangia samaki na mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) kuanzia asubuhi, yakaongezwa mengine juu ya yale ya jana bila kumwagwa, huwa meusi na mazito kwa sababu yameharibika kwa moto, na uharibifu huo unaingia mwilini mwako pamoja na samaki. Ukiyaona yametoa povu na moshi, usinunue. Nawaelewa akina mama wanaokaanga. Mafuta ni ghali, na karai hiyo ndiyo inayosomesha watoto. Hata hivyo siwezi kunyamaza, kwa maana baadhi yao nao ni wagonjwa wangu.

Kuna kinywaji cha tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kinachouzwa kwenye chupa. Muuzaji anasema kinasafisha mishipa na kubadilisha RNA. Nikitumie badala ya dawa?

Hapana. Tangawizi na kitunguu saumu ni viungo vizuri vya mboga, na ndimu ni tunda zuri. Hakuna hata kimoja kinachoondoa mafuta yaliyojibandika ukutani mwa mshipa kama sabuni inavyoosha sufuria. Ama habari ya kubadilisha RNA, fikiri kidogo: RNA unayoila humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Mwaka 2011 watafiti wa China walitangaza kwamba maikroRNA ya mchele inaingia katika damu ya mlaji na kugusa kolesteroli yake. Maabara nyingine zilipojaribu kurudia, hazikupata matokeo hayo. Muuzaji wa chupa hana maabara wala hana jibu utakapopata kiharusi. Ukitaka kunywa tangawizi, inywe, na dawa yako uimeze vilevile.

Mimi sihisi chochote. Kwa nini nimeze vidonge kila siku?

Kwa sababu mafuta ya damu hayaumi. Hayaumizi kichwa, hayaletei mtu kizunguzungu, hayachomi miguu. Yanaweza kujengeka mishipani kwa miaka 20 huku ukilima, ukiendesha bodaboda na ukicheza kwenye harusi. Dalili ya kwanza kwa wengi ni mshtuko wa moyo au kiharusi. Ukingoja kuhisi, umengoja kuchelewa.

Lakini nilipopima mara ya pili, kiwango kilikuwa kizuri. Si nimepona?

Hukupona. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Statini, yaani dawa hiyo ya kolesteroli, huzuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, na ini likikosa kolesteroli yake huongeza vipokezi na kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Siku unayoiacha, ini hurudia desturi yake, na ndani ya wiki chache LDL hupanda tena ilipokuwa. Kiwango kizuri ni sababu ya kuendelea na dawa, si sababu ya kuiacha.

Nimeulizwa swali hili na mwalimu, na mchungaji, na mhudumu wa afya mwenzangu, nami nawajibu wote vilevile: usiache dawa kwa kuwa unajihisi mzima, kwa kuwa hisia haikuwa kipimo tangu mwanzo. Ikiwa misuli inauma, rudi useme, tutapunguza kipimo au tutabadilisha dawa. Ikiwa pesa zimekwisha, rudi useme, tutatafuta aina ya bei nafuu. Ikiwa una mimba au unaitarajia, rudi haraka. Kuna sababu za kweli za kubadilisha dawa, na zote zinaanza kwa wewe kurudi kliniki.

Mimi ni mwembamba. Haya si ya watu wanene?

Si ya wanene peke yao. Wembamba wa nje hauonyeshi LDL iliyo ndani. Kama una kisukari au presha, unavuta sigara, au mzazi wako au ndugu yako alipata ugonjwa wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana, pima.

Ikiwa ni jambo la vinasaba, chakula kitasaidia nini?

Vinasaba hukupa mahali pa kuanzia. Mtu aliyerithi LDL ya juu huhitaji dawa pamoja na chakula kizuri, wala chakula peke yake hakitamtosha.

Nimesikia kuna sindano inayotumia RNA. Niingoje?

Ipo. Inaitwa inclisiran, na iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021. Ni RNA fupi iliyotengenezwa maabarani inayozuia ini kutengeneza protini ya PCSK9, ile inayoharibu vipokezi vya LDL, na LDL hushuka kwa karibu nusu. Sindano ya pili hutolewa miezi 3 baada ya ya kwanza, kisha moja kila miezi 6. Angalia kwamba ni sindano, wala si kinywaji. Bei yake ni kubwa, na kidonge ulichonacho nyumbani kimethibitishwa kwa miaka mingi. Usingoje.

Kifua kikibana usiku, huwa nadhani ni asidi. Nifanye nini?

Wengi hudhani hivyo, wakanywa maziwa na dawa ya tumbo hadi asubuhi, na wengine asubuhi hiyo hawakuiona. Kifua kinachobana kama kilichowekewa jiwe, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho baridi, au kukosa pumzi ghafla, hata bila maumivu kwa mwenye kisukari: nenda hospitali usiku huo huo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikatika, nenda papo hapo, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usingoje mwezi uandame, wala usimngoje mjomba atoke Siaya. Msipeleke mgonjwa kwa mwombaji kwanza. Aombewe akiwa njiani.

Nikija kupima, nije vipi?

Kwa kipimo cha kawaida si lazima ukae na njaa, isipokuwa tukikuambia hivyo kwa sababu ya trigliseridi. Uje na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, vya hospitali na vya duka la dawa, na ile chupa ya tangawizi pia kama unayo, ili tuone unachomeza. Ukiwa uliacha dawa, sema tarehe uliyoiacha. Hatutakugombeza.