Ridhaa kwenye utafiti ni kitu gani hasa

Ukifika mwaka wa mwisho chuo, au ukianza masters, lazima utakutana na karatasi inaitwa fomu ya ridhaa. Wengi tunaichukulia kama kiambatanisho tu, unaomba ya mtu wa mwaka jana unabadilisha kichwa cha utafiti unaibandika mbele ya dodoso kazi imeisha. Mimi naona tunaanza kuharibu hapo hapo, maana ridhaa siyo ile karatasi.

Ridhaa ni mtu kukubali jambo ambalo ameelezwa, akalielewa, na angeweza kulikataa bila kupoteza kitu chochote. Kukikosekana kimoja kati ya hivyo, sahihi yake haina thamani hata kama ameiweka kwa kalamu yake mwenyewe. Sisi tumezoea kwamba kimya ni ridhaa, tunaisikia sana kwenye mambo ya posa, binti akiulizwa akainama wazee wanasema huyo kakubali. Kwenye utafiti hiyo haipo. Mtu akikuvutia kigoda akakupa maji ya kunywa kakukaribisha mgeni, bado hajakubali kuhojiwa.

Hii sheria ya kuomba ridhaa haikuja yenyewe. Baada ya vita kuu ya pili madaktari wa Nazi walishtakiwa kule Nuremberg, Ujerumani, kwa kuwafanyia majaribio wafungwa wa kambini, na hukumu ya 1947 ikaweka masharti 10 ambayo la kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari. Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa Tuskegee, Alabama, Marekani. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600 hivi, 399 wana kaswende na 201 hawana, waone ugonjwa unavyomla mtu asipotibiwa. Wale wagonjwa hawakuambiwa wana kaswende, waliambiwa wana "damu mbaya", neno ambalo mtaani kwao lilimaanisha magonjwa kibao, wakaahidiwa vipimo vya bure, chakula, na hela ya mazishi. Penisilini ilipopatikana, na kufikia 1947 ndo ilikuwa tiba yenyewe, bado hawakupewa, mambo yakaendelea hivyo hadi 1972 magazeti yalipoitoa. Miaka 40! Na kumbuka walikuja kwa miguu yao, hakuna aliyefungwa kamba, ila walichokubali siyo walichokuwa wanafanyiwa. Baada ya hapo ndo ikaja Ripoti ya Belmont 1979, ya tume ya huko huko Marekani kuhusu kuwalinda watu wanaofanyiwa utafiti, ambayo hadi leo kozi nyingi za maadili ya utafiti zinaanzia humo.

Sasa huku kwetu kuna kitu kinachanganya sana wanafunzi, nacho ni kibali. Tanzania kuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, Kenya kuna NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu, halafu chuo kina kamati yake ya maadili, halafu unabeba barua ya mkoa, ya wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Ukizikusanya zote unajisikia umeruhusiwa. Kweli umeruhusiwa kuingia kijijini, lakini mtendaji hawezi kuridhia kwa niaba ya mama Fulani. Na akikusindikiza nyumba kwa nyumba ndo shida inaongezeka, nani atamkatalia mgeni aliyeletwa na serikali?

Mimi yalinikuta. Nilikuwa na madodoso yangu, nikamsomea mama mmoja fomu yote mwanzo hadi mwisho, akaitikia haya, haya, akaweka dole gumba. Tukafika swali la tatu au la nne akaniuliza, "Sasa mwanangu, hela zinakuja lini?" Alikuwa anajua naandikisha watu wa msaada. Nilishtuka kwa kweli, kwa sababu nilishafanya nyumba kadhaa kabla yake na sijui wangapi walinielewa hivyo hivyo. Nikamweleza upya, kwamba haya ni masomo yangu, hakuna hela, na akikataa hakuna atakayemuuliza. Akafikiri akasema basi niache nina karanga zangu za kumenya, nikafunga dodoso. Tangu siku hiyo nikimaliza kueleza namwambia mtu naye anielezee kwa maneno yake nimekuja kufanya nini, na nyumba zile za mwanzo nilizirudia zote.

Lugha nayo inaangusha. Fomu nyingi zinaandikwa Kiingereza kwanza halafu zinatafsiriwa usiku wa kuamkia safari. Mtu anaambiwa atapangwa kwenye kundi "kwa bahati nasibu", yaani bila kuchaguliwa na mtu, yeye anawaza kushinda zawadi. Anaambiwa wengine watapewa "dawa bandia", yaani kitu kinachofanana na dawa ila hakina dawa ndani, cha kulinganishia, akili inaenda kwenye dawa feki za dukani. Na ukitaka damu ndo ueleze vizuri zaidi, pwani hii watu wamekua wakisikia habari za mumiani, kwa hiyo sema ni kiasi gani, pima kwa kijiko cha chai akione, inapelekwa wapi, itakaa muda gani, na kama itasafirishwa nje sema.

Kwa mtoto mzazi anaridhia, ila mtoto mwenye uwezo wa kuelewa naye aulizwe na akikataa aachwe. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ambaye hahusiki na utafiti.

Hata humu humu vyuoni tunakosea. Mwalimu akigawa dodoso lake darasani wiki moja kabla ya mtihani akasema ni hiari, mwanafunzi anaangalia kushoto kulia wenzake wote wanajaza, atafanyaje? Bora agawe mtu mwingine kabisa, karatasi ziwekwe kwenye boksi, na mwalimu asiwepo.

Kingine tunachosahau kuwaambia watu ni kujitoa. Tunaandika "unaweza kujitoa wakati wowote" tunaishia hapo, wakati kama dodoso halina jina na umeshalichanganya na mengine huwezi tena kulipata lake ukalitoa. Mwambie mapema, kabla hajaanza kujibu, kwamba mpaka hatua fulani naweza kufuta majibu yako na baada ya hapo siwezi, na mwachie namba ya simu inayopokelewa.