Dada unayetaka kupigana MMA, kabla ya ngumi tuongee kilo

Kazi yangu kambini ni uzito. Kocha wa ngumi yupo, wa mieleka yupo, wa jujitsu yupo, mi ndo yule anayezunguka na mzani na daftari, na usiku wa kuamkia siku ya kupima uzito mi ndo nakesha na mpiganaji. Nimesimamia wanawake wengi kuliko wanaume, na meseji ninazopata kutoka kwa mabinti wanaotaka kuingia MMA ya kulipwa, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka ndani ya kizimba, zinafanana, nianze na judo au boksi, nitafute meneja lini, nipigane mara ngapi ridhaa kabla sijasaini. Maswali mazuri yote. Ila mi kabla ya yote nauliza moja tu, ukiamka asubuhi hujanywa hata maji una kilo ngapi? Kwa mwanamke jibu la hapo ndo linaamua karibu kila kitu, atakutana na nani, atalipwa vipi na mwili wake utadumu miaka mingapi kwenye hii kazi.

Ngoja nieleze. UFC, shirika kubwa kuliko yote la MMA, wanaume wana madaraja nane ya uzito, wanawake kwa sasa wana matatu tu, kilo 52.2, kilo 56.7 na kilo 61.2. Lilikuwepo la nne la kilo 65.8 lakini halikuwahi kuwa na watu wa kutosha, na bingwa wake Amanda Nunes alipostaafu Juni 2023 akiwa na mikanda miwili nalo likafia hapo. Sasa mwanaume ambaye mwili wake haukai vizuri daraja moja anasogea juu au chini anapata kazi. Mwanamke mwenye mwili wa kilo 70 hana pa kusogea, na mwenye kilo 49 hivohivo, huyo mdogo inabidi atafute mashirika mengine kama Invicta, ambalo lilianzishwa 2012 kwa ajili ya wanawake peke yao na lina daraja la kilo 47.6, la sivyo akubali kupigana na watu wanaomzidi mwili kila siku.

Angalia pambano lililofungua mlango wenyewe, Februari 2013, Ronda Rousey na Liz Carmouche, wanawake wa kwanza kupigana UFC. Watu wanakumbuka Rousey alishinda kwa kumnyoosha mkono zikiwa zimebaki sekunde 11 raundi ya kwanza iishe. Mi nawaambia mabinti zangu rudisheni nyuma muangalie katikati, Carmouche kampanda Rousey mgongoni wakiwa wamesimama, miguu kaifunga kiunoni, mkono umebana uso na shingo, Rousey anapambana kumwondoa huku taya imekazwa. Ilikuwa karibu sana. Lile pambano lilikuwa la kilo 61.2 kwa sababu daraja la chini yake halikuwepo pale kwa wanawake, yaani hakuna. Huyohuyo Carmouche mwaka 2022, akiwa na miaka 38, alichukua ubingwa wa Bellator, shirika lingine la MMA, kwa kilo 56.7. Miaka tisa! Mi siamini kwamba alijifunza kupigana ukubwani, naamini alipata uzito wake.

Mfano wa pili ndo unanifanya niwe mkali kabisa kwenye hili. Valentina Shevchenko alipigana na Nunes mara mbili kwa kilo 61.2, mwaka 2016 na 2017, mara zote akashindwa kwa pointi na ya pili majaji waligawanyika. Mtu angeweza kuandika basi huyu ni mzuri lakini bingwa hawezi kuwa. Daraja la kilo 56.7 lilipofunguliwa mwishoni mwa 2017 akashuka, Desemba 2018 akachukua mkanda uliokuwa wazi kwa kumshinda Joanna Jedrzejczyk na akautetea mara saba mfululizo. Mwanamke yuleyule, teke lilelile la kushoto, tofauti ni kilo nne na nusu.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanaelewa vibaya, wanadhani ushauri wangu ni shuka, shuka, shuka. Hapana. Aliyekuwa bingwa wa kwanza wa hilo daraja, Nicco Montaño, Septemba 2018 alitakiwa kuutetea mkanda dhidi ya Shevchenko, siku ya kupima uzito akaishia hospitali wakati anakata uzito, pambano likafutwa na mkanda akanyang'anywa. Hajarushiwa hata ngumi moja.

Niwaeleze usiku wenyewe unavyokuwa maana kwenye video mnaona tu mtu anapanda mzani, anaonyesha misuli, anashuka. Zile kilo tatu nne za mwisho ni maji. Wiki nzima tumepunguza chumvi na wanga, maji anakunywa mengi mwanzo wa wiki halafu tunabana, usiku wa mwisho anaingia kwenye maji ya moto dakika kumi, anatoka namfunga mataulo, analala chini anatoka jasho, tunapima, anarudi tena. Mi siangalii mzani peke yake, naangalia mdomo ukianza kushikana mate yakiwa kama gundi, nasikiliza sauti, namuuliza maswali madogo madogo, jina la mpinzani wako, kesho tunapima saa ngapi. Akichelewa kujibu nasimama. Na ngozi ikikauka ghafla wakati bado yuko kwenye mataulo, yaani jasho limekata, hapo hakuna mjadala, tunaacha na tunamwita daktari, hata kama imebaki robo kilo. Nimeshagombana na meneja mlangoni kwa sababu hiyo, yeye anahesabu pesa, maana ukizidi uzito unakatwa asilimia 20 au 30 ya malipo anapewa mpinzani, na mi nahesabu figo za mtu.

Na hapa ndo kwa mwanamke kunakuwa na kitu ambacho makocha wengi wa kiume hawataki hata kukitaja kwa jina. Hedhi. Siku kadhaa kabla ya hedhi wanawake wengi mwili unashika maji, kwa wapiganaji niliowasimamia mi mwenyewe nimeona mmoja anabadilika nusu kilo na mwingine kilo mbili, chakula kilekile, mazoezi yaleyale. Promota akipiga simu kutoa pambano hajui na hajali hiyo wiki itaangukia wapi. Kwa hiyo daftari langu lina safu ya mzunguko wa kila mpiganaji, tukipewa tarehe nafungua nahesabu, na kama siku ya kupima inaangukia palepale tunaingia kambini tukiwa wepesi zaidi tangu mwanzo, hatusubiri muujiza wa wiki ya mwisho. Mwanzoni mabinti wanaona aibu kuniambia. Nawaelewa, lakini nawaomba, niambieni kama mnavyoniambia goti linauma.

Kubwa zaidi ya hapo ni ile hedhi kukata kabisa. Nilikuwa na binti mmoja anapigana kilo 52.2, kawaida yake anatembea na 60, mwepesi, ana nidhamu, hali chakula ovyo, kila mtu kambini anamsifia. Hedhi yake ilikata miezi mitano hakusema, alidhani ni dalili ya kuwa fiti, na niseme ukweli enzi hizo na mi ningedhani hivyo maana ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Sio kuwa fiti. Mwili ukipewa chakula kidogo kuliko kazi unayoufanyisha unaanza kuzima vitu, unazima uzazi, homoni zinashuka, mifupa inakosa kinachoijenga. Kamati ya kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu tatizo hili mwaka 2014, ni kitu kinajulikana. Kwa yule binti kilionekana kama maumivu ya muundi, tukafikiri ni mateke, kumbe mfupa una ufa. Miezi saba nje. Na mpiganaji hana mshahara, analipwa akipigana, kiasi cha kupanda kizimbani na kiasi kingine akishinda, na humohumo anatoa cha meneja, cha kocha na vipimo. Miezi saba nje ni miezi saba bila kitu.

Ndo maana hata mtoto ni hesabu nzito kwenye hii kazi. Mackenzie Dern alijifungua Juni 2019 na Oktoba mwaka huohuo alikuwa kizimbani, akapoteza pambano kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa Amanda Ribas. Miezi minne! Mi simlaumu hata kidogo, najua presha ya mkataba ilivyo na najua hamu ya kurudi. Lakini mpiganaji wangu akiniuliza namwambia tusubiri, Miesha Tate alikaa nje zaidi ya miaka minne, akazaa wawili, akarudi Julai 2021 na akashinda.

Kuna wanaonitajia Kayla Harrison kunipinga, dhahabu mbili za judo Olimpiki kwa kilo 78, bingwa wa shirika lingine la MMA, PFL, kwa kilo 70.3, halafu Aprili 2024 akashuka mpaka 61.2 akamkaba Holly Holm, na Juni 2025 akawa bingwa wa UFC. Kweli kaweza. Lakini jiulize kwa nini alishuka kilo tisa zote hizo. Kwa sababu pale hapakuwa na daraja lingine la mwili wake. Huyo ni mtu wa ajabu amelipia mlango uliopo, usimfanye kipimo cha binti wa miaka 22 ambaye hata mifupa yake haijamaliza kukomaa. Kwangu mi kilo za kukata zikizidi asilimia kumi ya uzito anaotembea nao, nasema panda daraja, na kama promota hana daraja la juu tutafute promota mwingine.

Yule binti wa muundi tulimpandisha 56.7. Alilia, alisema watu wa huko ni wakubwa, na pambano la kwanza huko kweli alisukumwa sana kwenye ukuta wa kizimba akapoteza kwa pointi. La pili alishinda raundi ya tatu, raundi ambayo zamani alikuwa anaingia miguu imeisha. Hedhi imerudi, safu yake kwenye daftari imejaa. Ana pambano Jumamosi ya wiki ijayo, leo asubuhi kanitumia picha ya mzani, 59.1, na kifungua kinywa ameshakula.