Mtandao haujala maksi za watoto

Wiki iliyopita nimepigiwa tena: "Kaka, mtandao umekula data." Safari hii ni mwalimu wa sekondari huko Mbagala. Nimeshachoka kuisikia sentensi hii, kwa sababu kila inaposemwa kuna mtu anakwenda kununua bando jingine na kukesha akirudia kazi ambayo seva itaitupa tena.

Mwalimu alikuwa anaingiza maksi za wanafunzi 90 kwenye ukurasa mmoja. Anabonyeza Hifadhi, ukurasa unajibu kwamba zimehifadhiwa. Akirudi kutazama, mwanafunzi wa 84 ana namba yake tu, maksi hana hata moja, na wa 85 mpaka wa 90 hawaonekani kabisa. Karudia siku tatu. Fundi aliyeutengeneza mfumo akamshauri abadilishe laini. Akabadilisha. Ikakatika palepale, kwa wa 84.

Palepale! Hilo neno peke yake lingetosha kumwamsha fundi. Mtandao mbovu haukati mahali pamoja siku tatu mfululizo. Kivinjari kinapotuma fomu ya namna hii huitajia seva mapema urefu wa mzigo mzima kwa baiti. Mzigo usipotimia, kwa kawaida ombi zima hufa: ukurasa unazunguka weee, kisha unatoa kosa. Hauji na ujumbe wa kijani wa "zimehifadhiwa". Nakubali mwanya upo. PHP, lugha ya programu iliyotumika kutengeneza mfumo huu, ina kosa namba 3, la faili lililopakiwa nusu, na hapo mtandao una kesi ya kujibu. Lakini nusu hiyo leo itaishia hapa, kesho itaishia kwingine.

Basi tukahesabu, mimi na Mwalimu, kwa simu. Kila mwanafunzi ana visanduku 12: namba, masomo 10 na maoni. Juu ya fomu kuna vitatu vilivyofichwa: tokeni (msimbo wa usalama), darasa na muhula. Wanafunzi 83 mara 12 ni 996. Ongeza vile vitatu, 999. Imebaki nafasi moja kufika 1000, na nafasi hiyo imechukuliwa na namba ya mwanafunzi wa 84. Maksi zake zikabaki nje.

Kikomo hicho cha idadi ya visanduku kinaitwa max_input_vars, na PHP inakuja nacho kikiwa 1000. Kiliingia na toleo la 5.3.9, Januari 2012, baada ya kuonyeshwa kwamba mtu anaweza kuilemea seva kwa kuirushia maelfu ya vigezo (visanduku, kwa lugha yetu) vyenye majina aliyoyachagua makusudi. Kikipitwa, PHP haisimamishi kazi. Inapokea vya mwanzo, inaacha vilivyobaki, inaandika onyo. Onyo hilo lilikuwa kwenye logi ya makosa, faili ambamo seva huandika kila kosa, jioni zote tatu, na hakuna aliyeifungua.

Kuna sura mbaya zaidi ya tatizo hilihili. Kitufe cha Hifadhi kikiwa na jina na kikawa chini ya fomu, nacho kinaachwa nje. Programu inayouliza kwanza "kitufe kimebonyezwa?" inajibiwa hapana, haihifadhi chochote, inarudisha ukurasa mtupu. Watu wanatafuta kosa kwenye hifadhidata siku nzima.

Fomu ikifika tupu kabisa, angalia mengine. Ina picha? Picha tatu za simu zinavuka MB 8 bila shida, ambazo ndizo post_max_size (kikomo cha mzigo mzima wa fomu) ya kawaida, na zikivuka, PHP inakupa $_POST (maandishi ya fomu) tupu na $_FILES (mafaili yake) tupu. Likikosekana faili tu huku maandishi yamefika, tazama upload_max_filesize (kikomo cha faili moja), ambayo kwa kawaida ni MB 2. nginx, programu ya seva inayopokea maombi kabla ya PHP, yenyewe ina kikomo cha MB 1, ila walau inasema wazi kwa kosa 413.

Haina picha na bado ni tupu? Fungua logi ya maombi. Ukiona POST (ombi linalotuma fomu) yenye 301 (jibu la "nenda anwani nyingine"), na chini yake GET (ombi la kufungua ukurasa tu) ya anwani karibu ileile, umeshampata mhalifu. Fomu imetumwa kwa anwani isiyo na www, seva ikaielekeza kwenye yenye www. Au imetumwa kwa /maombi ambayo ni folda, Apache, programu nyingine ya seva, ikaongeza mkwaju (/) mwishoni. Kwa 301 au 302, kivinjari hugeuza POST kuwa GET na mzigo unaachwa njiani. 307 na 308 hazifanyi hivyo. Lakini dawa yangu ya kwanza ni kuiandika anwani sahihi ndani ya fomu.

Kwa Mwalimu tulipandisha kikomo hadi 3000. Kwanza fundi alihariri php.ini (faili la mipangilio ya PHP) ya cli, yaani ya amri za kuandika kwa mkono, akaona hakuna kilichobadilika, akarudi kwenye hadithi ya mtandao. Seva yake ilikuwa inasoma ile ya fpm, sehemu ya PHP inayohudumia kurasa za tovuti, na fpm lazima ipakiwe upya. Kupandisha huku hakunipi amani. Kikomo kiliwekwa kwa ajili ya usalama, na mwakani mkondo ukifika wanafunzi 260 tutakuwa hapahapa. Ningependa fomu itume mwanafunzi mmoja mmoja, ila hiyo ni kazi ya wiki na ripoti zilitakiwa Ijumaa.

Kwa hiyo chini kabisa ya fomu tumeweka kisanduku kimoja kilichofichwa, jina lake "mwisho". Kisipofika, programu hairuhusiwi kuhifadhi hata mstari mmoja, na inamwambia Mwalimu kwa Kiswahili kwamba maksi hazijakamilika, asifunge ukurasa.