Dishi kubwa la mtumba: dhana potofu na ukweli wake

Madishi ya futi 6, 8 na 10 yaliyoachwa na wenyewe hubadilisha mikono kwa urahisi, na mengi yakishafika nyumbani kwa mnunuzi hayashiki kitu. Mwenye dishi hulaumu LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi), kisha risiva, kisha hali ya hewa. Mara nyingi umeme wake hauna tatizo lolote. Ubovu uko kwenye umbo na vipimo, na vyote hivyo hupimika kwa uzi, futi ya mkanda na pima maji kabla ya kununua hata konekta moja.

“Halijatoboka wala kuvunjika, basi ni zima”

Dishi la mita 2.4 likiwa limeegemezwa ukutani, hakuna jicho litakaloona kwamba limejipinda sentimita moja. Mawimbi yataona. Kwenye bendi ya C, masafa ambayo madishi makubwa hupokea, kwa gigahezi 4, wimbi moja lina urefu wa sentimita 7.5. Kipimo kinachotumika ni sehemu moja ya kumi na sita ya wimbi: kasoro ya uso ikizidi hapo, yaani kama milimita 4.7, mawimbi kutoka pande tofauti za dishi hufika kwenye LNB yakiwa yamepishana, na badala ya kujumlishana hupunguzana. Kwenye bendi ya Ku, yenye mawimbi mafupi zaidi, kwa gigahezi 12, wimbi ni sentimita 2.5 na kipimo hicho hushuka hadi milimita 1.6.

Kipimo cha uzi humaliza ubishi ndani ya dakika kumi. Laza dishi chali mahali palipo sawa. Gawa ukingo wake sehemu nne zilizo sawa kwa futi ya mkanda, si kwa kukisia. Funga uzi mwembamba kutoka alama moja hadi ya upande wa pili, kisha wa pili ukatize wa kwanza kama msalaba, zote zikiwa zimekazwa sawasawa. Pale katikati nyuzi zinatakiwa zigusane kidogo tu bila kusukumana. Zikiacha nafasi, dishi limejipinda kama krispi ya viazi. Zikigusana, usifurahi bado: fungua, uzi uliokuwa chini uuweke juu, upime tena, kwa sababu uzi wa chini unaweza kuwa unausukuma wa juu bila wewe kuona. Nafasi ya milimita 3 hadi 5 inavumilika kwa C. Ikizidi sentimita moja, usilipandishe hivyo.

Habari njema ni kwamba dishi la vipande mara nyingi halijapinda kabisa, limefungwa vibaya tu. Legeza bolti zote, liache lilale chali, kisha kaza kwa kuruka: bolti moja huku, nyingine ng’ambo yake, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Anayekaza kipande kimoja hadi mwisho ndipo ahamie cha pili ndiye anayeliumba lile pindo. Kwa hiyo kabla ya kulibomoa kwa mwenye nalo, andika namba nyuma ya kila kipande na kwenye ubavu unaopakana na jirani yake, na wakati wa kusafirisha visilale vikibeba uzito kwenye ncha.

“Dishi la neti linavujisha, na likishika kutu limekufa”

Tundu la neti likiwa dogo kuliko sehemu moja ya kumi ya wimbi, kwa mawimbi hayo neti ni bati. Kwa C hiyo ni milimita 7.5, kwa hiyo neti yenye matundu ya milimita 5 au 6 inatosha. Kwa Ku kikomo ni milimita 2.5, na neti hiyo hiyo hupitisha sehemu ya mawimbi yakaenda zake nyuma. Neti iliyobonyea ni shida kubwa kuliko neti chakavu, na ikichomoka kwenye mbavu ifungwe upya kwa skrubu au ribiti, isiachwe ikipepea.

Kutu ya juujuu haizuii kitu. Ikwangue, upake rangi. Hapa wengi huogopa kwamba rangi itaua mawimbi, kumbe safu nyembamba ya rangi isiyo na unga wa metali haina madhara yanayohisika. Cha kuogopa ni rangi inayong’aa. Uso unaong’aa hukusanya mwanga wa jua kama kioo, na jua linapopita nyuma ya setilaiti, siku chache karibu na Machi na Septemba, joto lote huangukia kwenye LNB na kuyeyusha kifuniko chake. Tumia rangi isiyong’aa, ya kijivu au nyeupe iliyofifia. Siku hizo hizo chaneli hupotea kwa dakika chache kila siku, saa ileile, kwa sababu jua lenyewe ni chanzo cha kelele. Usiguse bolti yoyote, itapita.

“LNB hukaa pale miguu yake inapoishia”

Hili ndilo kosa linalokula mawimbi mengi kuliko yote, hasa pale miguu ya dishi moja imefungwa kwenye dishi jingine, jambo la kawaida sana kwa vifaa vilivyotumika. Pima mwenyewe. Chukua kipenyo cha dishi, kizidishe kwa chenyewe, ugawe kwa kina cha dishi kilichozidishwa mara 16. Kina ni umbali kutoka kwenye uzi wako wa msalaba hadi kitovu cha dishi.

Mfano: kipenyo sentimita 240, kina sentimita 38. 240 × 240 ni 57,600. 38 × 16 ni 608. Jibu ni sentimita 94.7, na huko ndiko mawimbi yanakokutana. Sehemu hiyo inatakiwa iwe kama milimita 6 ndani ya mdomo wa koo la LNB (bomba lake la mbele linaloingiza mawimbi), kwa hiyo kutoka kitovu cha dishi hadi ukingo wa mdomo pima sentimita 94. Kisha gawa 94.7 kwa 240, unapata 0.39, yaani 39 kwa mia. Zile namba zilizochorwa ubavuni mwa LNB ya C (32, 34, 36, 38, 40, 42) ni za kazi hii: sogeza sahani yenye pete inayozunguka koo hadi katikati ya 38 na 40, uikaze.

Baada ya hapo pima kutoka ukingo wa sahani ya pete hadi ukingo wa dishi, pande nne. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5, LNB haiko katikati na inachungulia pembeni. Mguu mmoja uliopinda unatosha kuleta hilo.

Ndani ya koo pia kuna la kuangalia. Baadhi ya setilaiti za C hurusha mawimbi yanayozunguka, kushoto au kulia, na nyingine hurusha ya wima na mlalo. Kwa yanayozunguka, kibao cheupe cha tefloni husimamishwa ndani ya koo kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka kwenye vipini viwili vya kupokelea. Kwa wima na mlalo kibao hicho hutolewa. LNB ya mtumba huja na kibao kilichosahauliwa ndani, au bila kibao kabisa. Ukikosea unapoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, na juu ya hapo chaneli za pande mbili huingiliana, kwa hiyo ubora huanguka zaidi ya hesabu hiyo.

“Nguvu ni asilimia 90, kwa hiyo dishi limelenga”

Fungua menyu ya risiva na mistari miwili itatokea, nguvu na ubora. Lielekeze dishi kwenye ukuta wa jirani na nguvu bado itasoma 80 au 90, kwa sababu kinachopimwa ni kiasi cha chochote kinachoteremka kwenye kebo, pamoja na kelele ya LNB yenyewe. Mstari huo unakwambia LNB ina umeme na kebo haijakatika, basi. Ubora ndio unaotaja setilaiti.

Kabla ya kutafuta, hakikisha risiva inajua LNB gani imefungwa. Ya C huwekwa 5150, namba ya megahezi ambayo LNB hutumia kushusha masafa. Chaneli ya 3840 basi huteremka kwenye kebo ikiwa 5150 toa 3840, megahezi 1310. Ukiacha 9750 au 10600 ambazo ni za Ku, unaweza kuzungusha dishi hadi jua lizame.

Dishi la aina hii, lenye LNB katikati, linatazama hasa kule linakoelekea, tofauti na madishi madogo yanayoonekana yameinama. Weka kipima mwinuko kwenye bamba la nyuma lililo sambamba na ukingo. Ukitaka mwinuko wa nyuzi 60, bamba lisome nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi: 90 toa mwinuko. Dira isome ukiwa umesimama mita 3 au 4 mbali na chuma chote, na ukumbuke kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi.

Halafu zungusha polepole, na polepole hapa ina kipimo. Mwale wa dishi la mita 2.4 kwenye C una upana wa nyuzi 2.2 hivi, na kwenye ukingo hiyo ni sentimita 4 na nusu tu. Risiva nyingi huchukua sekunde moja au mbili kushika. Kwa hiyo sogeza ukingo sentimita moja, hesabu tatu, tazama ubora, sogeza tena. Anayelisukuma dishi kama mlango amezipita setilaiti tatu bila kujua. Ukishika, tumia chaneli dhaifu kupandisha: mwinuko kwanza, uelekeo wa pili, mzunguko wa LNB wa tatu, na mwisho isogeze LNB ndani na nje milimita 5. Wakati wa kukaza nati, kaza kwa kupokezana huku ubora ukitazamwa, maana kukaza kwenyewe hulihamisha dishi.

“Likipandishwa juu ya paa litashika zaidi”

Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mita nne za paa haziongezi kitu, isipokuwa kama kuna mti au jengo limekaa kwenye njia. Wanaopandisha husahau upepo. Dishi la mita 2.4 lisilo na matundu, likikabili upepo wa mita 30 kwa sekunde, hubeba msukumo wa karibu nyutoni 3,000, sawa na uzito wa kilo 300 unaovuta bolti za paa.

Liweke chini. Nguzo ya chuma nene ya inchi 3 au zaidi, shimo la sentimita 90, zege, na pini au vyuma vilivyochomelewa kwenye sehemu ya chini ili nguzo isizunguke ndani ya zege. Pima wima kwa timazi pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba kabla zege halijashika, uliache siku kadhaa. Kwa dishi lisilohama, nguzo iliyoinama kidogo unaweza kuifidia. Kwa dishi linalozunguka kufuata setilaiti nyingi, nguzo ikiinama nyuzi moja utashika katikati ya tao la setilaiti na kupoteza pande zote mbili.

“Mkono wa mota wa zamani unaunganishwa kwenye risiva moja kwa moja”

Hauunganishwi. Risiva hutoa volti 13 au 18 kwenye kebo, na mkono wa kusukuma dishi kubwa hutaka volti 36 kutoka kwenye kisanduku chake, kwa nyaya zake: mbili nene za mota, mbili nyembamba za kihesabio. Mkono ukisogea kidogo kisha kisanduku kikasimama na kuonyesha hitilafu, mara nyingi mota ni nzima, ila swichi ndogo ya sumaku inayohesabu mizunguko haitoi hesabu. Funga mkono tundu la kutolea maji likitazama chini, vinginevyo mvua hukaa ndani.

“LNB ya 15K inaponya dishi baya”

K ni kipimo cha kelele ya LNB yenyewe, na ikiwa ndogo ni bora. Kati ya 15K na 20K tofauti ni ndogo, na namba ya kwenye kibandiko ni ahadi ya muuzaji. Sentimita mbili za LNB iliyo nje ya mahali pake hupoteza zaidi.

“Dishi kubwa hufungua chaneli zote”

Ukubwa huleta mawimbi, haufungui msimbo. Chaneli iliyofungwa hubaki imefungwa. Risiva ya analogi iliyokuja na dishi ni ya kumbukumbu tu, na ya dijitali inayosoma DVB-S (mfumo wa zamani wa kurusha) na MPEG-2 (mfumo wa zamani wa kubana picha) peke yake haitaonyesha chaneli za DVB-S2 wala MPEG-4. Nunua risiva mpya hata kama vingine vyote ni vya mtumba. Kebo na konekta pia ziwe mpya: RG-6 yenye kiini cha shaba tupu, kiini kikitokeza milimita 2 mbele ya mdomo wa konekta, na kebo ipindwe mduara chini ya LNB ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo. Chomoa risiva kwenye umeme kila unapofunga au kufungua.

“Zamani lilishika, sasa halishiki, basi limechoka”

Chuma hakichoki hivyo. Mara nyingi siku hizi mhusika ni mnara wa simu wa 5G unaorusha karibu na gigahezi 3.5, ndani ya masafa ambayo LNB za kawaida za C hupokea, 3.4 hadi 4.2. LNB hulemewa na chaneli zote hutoweka pamoja, hata zile zilizo mbali na masafa ya mnara. Kichujio cha kufunga kwenye kebo hakisaidii, kwa kuwa madhara yameshatokea ndani ya LNB. Kinachosaidia ni kichujio cha chuma kati ya koo na LNB, au LNB yenye kichujio ndani, ya 3.7 hadi 4.2. Kabla ya kuinunua soma orodha ya chaneli zako: zile za chini ya 3700 itazizuia pamoja na mnara.