Nyuki, adrenalini na ile "ngoja kwanza tuone"

Nafanya kazi zahanati ya kijijini upande wa Mufindi. Ukisimama mlangoni unaona mipaina upande huu, mizinga imening'inia upande ule. Msimu wa kurina asali ukifika, nawapokea walioumwa na nyuki karibu kila siku. Wengi wamevimba jicho tu, wanachekwa na wenzao, wanaondoka. Wapo wachache wanaoletwa wamechelewa, na sababu ya kuchelewa ni ileile kila mwaka. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa.

Adrenalini ni nini? Vijana wanasema "adrenalini ilinipanda" wakiangalia mpira.

Wanasema kweli. Ni homoni inayotengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ukifukuzwa na mbwa, au timu yako ikipigiwa penalti dakika ya 90, tezi hizo zinaimwaga kwenye damu: moyo unakwenda mbio, njia za hewa zinapanuka, misuli inapata damu zaidi. Mwaka 1901 mkemia Mjapani, Jokichi Takamine, akiwa Marekani, alitangaza kwamba ameitenga. Leo iko kwenye kichupa cha kioo ndani ya sanduku letu la dharura. Kichupa kikiandikwa epinefrini, ni dawa hiyohiyo.

Inahusianaje na nyuki?

Kuna watu ambao sumu ya nyuki, hata wa mmoja tu, huufanya mwili wao upambane kupita kiasi. Huo ndio mzio mkali. Mishipa ya damu inalegea, presha inaporomoka, koo na njia za hewa zinavimba. Adrenalini inakaza mishipa, inafungua kifua na kuupa moyo nguvu, tena kwa dakika chache. Hakuna dawa nyingine inayofanya yote hayo kwa haraka hiyo.

Nitajuaje kama ni mzio mkali au uvimbe wa kawaida?

Mkono ulioumwa ukivimba ukawa kama muhogo, hata ukiuma usiku kucha, huo ni uvimbe wa kawaida. Wasiwasi uanze mambo yakitokea mbali na pale alipoumwa: vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana na kutoa mlio, kutapika, tumbo kunyonga, kizunguzungu, kuona giza. Wengine hawatoki kipele hata kimoja, wanaanguka tu. Na mtu mzima akikuambia "najisikia kufa", usimwambie aache woga. Mwamini.

Tumempa piritoni, naona amelala. Si tungoje asubuhi?

Hapana. Naomba nirudie, maana swali hili naulizwa kwa simu na huwa nasikia kabisa kwamba mwenye kuuliza ameshaamua kungoja. Hapana. Piritoni inapunguza kuwasha. Haifungui koo. Haipandishi presha. Huyo mnayesema amelala huenda presha imeshashuka, nanyi mnamfunika blanketi na kufunga mlango ili apumzike vizuri.

Mzio wa nyuki unaweza kuua ndani ya dakika 15. Kwa hiyo sindano ya adrenalini kwenye paja ndiyo ya kwanza, piritoni baadaye. Hata sindano ya haidrokotisoni ambayo watu wanaipenda sana ni ya baadaye, kwa sababu inachukua saa kadhaa kufanya kazi. Ukifika kwa mhudumu, taja dalili zote tangu mwanzo, usiseme "ameumwa na nyuki" ukanyamaza.

Maziwa je? Kitunguu? Mafuta ya taa?

Maziwa mnywe na chai. Mtu anayetapika na koo limevimba ukimnywesha kitu chochote unamkaba. Kitunguu na mafuta ya taa havina kazi hapa zaidi ya kuwapotezea muda.

Lakini alikimbia mwenyewe kutoka kwenye mizinga mpaka barabarani. Adrenalini yake ya mwilini si inatosha?

Swali zuri, na ndilo linalowadanganya wengi. Ni kweli mwili wake umeimwaga, ndiyo maana alikimbia. Lakini kwenye mzio mkali ile ya mwilini mara nyingi haitoshi kuzuia kinachoendelea. Kukimbia kwake si kipimo cha uzima. Mara nyingi anayeanguka pale barabarani ni yuleyule aliyewashinda wote mbio.

Amerina asali miaka 20, ameshaumwa mara mia. Amezoea, au siyo?

Siyo. Mzio unaweza kuanza baada ya miaka mingi ya kuumwa bila shida. Hakuna cheti cha kuzoea.

Mwiba tuutoeje?

Kwanza ondokeni hapo, nyuki wengine wanakuja. Kisha utoeni haraka kwa njia yoyote, kwa kucha au kwa kukwangua. Kale kakifuko kanakobaki na mwiba kanaendelea kusukuma sumu, kwa hiyo usitafute wembe. Na aliyeumwa na nyuki wengi sana, mamia, aje hospitali hata kama hana mzio, kwa sababu sumu nyingi inaharibu figo.

Tunampelekaje?

Hapa ndipo roho inaniuma. Mgonjwa ana kizunguzungu, mnamketisha kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, mshikaki, kilomita kadhaa za mabonde. Mtu ambaye presha imeshuka akikalishwa wima damu haifiki vizuri kwenye moyo wala kichwani, anaweza kufia njiani. Mlaze chali, miguu juu ya mfuko wa mahindi. Anayehema kwa shida akae, miguu akiinyoosha. Anayetapika alale ubavu, mjamzito alale ubavu wa kushoto. Tafuteni gari, hata pikapu ya mbao. Nendeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu zaidi chenye adrenalini, msimvushe kukimbilia mjini. Mmoja atangulie kupiga simu ili sindano ivutwe kabla hamjafika. Asisimame ghafla hata akisema amepata nafuu.

Baba ana presha ya kupanda. Adrenalini si itammaliza?

Kwenye mzio mkali, presha yake ya zamani si sababu ya kumnyima. Tunadunga kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mtu mzima miligramu 0.5, mtoto pungufu ya hapo kulingana na umri au uzito. Moyo utadunda na mikono itatetemeka kwa muda, inapita. Tukiona bado, tunarudia baada ya dakika 5.

Basi nikanunue kichupa nikae nacho nyumbani, nimdunge mwenyewe?

Usifanye hivyo bila kufundishwa na daktari. Dozi hiyohiyo ikiingia kwenye mshipa badala ya msuli inaweza kuvuruga moyo vibaya.

Amedungwa, amepona, anacheka. Tuondoke?

Najua ng'ombe wanangoja. Lakini dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila nyuki mwingine, na dawa yenyewe haikai mwilini muda mrefu. Tutamwangalia saa 6 au zaidi, na aliyezidiwa sana analala hapa. Leteni blanketi, usiku kuna baridi.