Sekondi solo: kiti kilichobaki kwenye bendi ya nyumbani

Watu wakijua napiga gitaa swali la kwanza ni hilo hilo, "we ndo unapiga solo?" Nikisema hapana, napiga sekondi, lile gitaa linalokaa kati ya solo na rithim, naona kabisa uso unavyoshuka, utadhani nimesema mi ndo nabeba maspika. Basi leo nataka nikieleze hiki kiti, manake nimekikalia tangu 1979 na wala sikukiomba, nilikuta wenzangu wameshakaa na hicho ndo kimebaki.

Sie tumezaliwa Ngamiani, Tanga. Mzee wetu alikuwa na gitaa kavu na alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kinachezea zile nyembamba, ile staili ya kina Jean Bosco Mwenda wa Katanga, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952. Mzee hajawahi kukanyaga Kongo, aliisikia kwenye santuri akakaa nayo mpaka ikamuingia. Kwahiyo gitaa la kwanza kulisikia maishani mwangu lilikuwa moja ila ukifumba macho unasikia watu wawili wanajibizana, na nadhani hapo ndo tulipoharibika wote nyumba nzima.

Gitaa la mzee hatukuruhusiwa kuligusa. Kaka akaunda la kwetu kwa galoni la mafuta na ubao, nyuzi tukazitoa kwenye waya wa breki wa baiskeli, ule ukiufumua unapata vijiwaya vyembamba vingi vizuri tu. Tatizo ni kwamba baiskeli ilikuwa ya mzee na waya ulikuwa bado unatumika. Jioni mzee kaondoka nayo, kafika kwenye kona kakamata breki, hamna kitu, kaingia na baiskeli kwenye genge la nyanya la watu. Kaka alichapwa kwa kosa la kuiba na mimi nikachapwa kwa kosa la kushika koleo. Lakini wiki ya pili yake mzee alikuja kukaa nasi uani, akalichukua lile galoni, akalityuni, akasema uzi wa tatu mmeufunga legelege. Ndo somo la kwanza hilo.

Tanga ya miaka hiyo ilikuwa mji wa magitaa bana. Jamhuri Jazz walikuwa pale, Atomic Jazz walikuwa pale, na sisi watoto tulikuwa tunasikilizia ukutani kwa nje, ambako ukweli ni kwamba besi na rithim unazisikia vizuri kuliko aliyelipa kiingilio. Na kwa nyumba yetu hadithi kubwa ilikuwa ya wale ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, vijana wa Tanga waliopitia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha 1970, mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi na huko ndo ikazaliwa Simba Wanyika. Mama alikuwa akituona tunagombana anatutajia hao, mnaona wenzenu, wametoka tumbo moja na wanakula kwa magitaa yao. Hakutuambia kwamba hata huko watu waligawanyika, 1978 kundi zima lilitoka likaanzisha Les Wanyika. Ila ndugu walibaki ndugu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Bendi ya dansi ya kwetu ina magitaa manne: solo, sekondi, rithim na besi. Kaka mkubwa kachukua solo, hakuna aliyepiga kura. Mdogo wetu ana mikono mikubwa na alikuwa hapendi kuongea, akapewa besi. Rithim alishika binamu yetu, dada akawa mwimbaji, mimi ndo nikaambiwa "we jaza katikati". Jaza katikati! Nilichukua kama miaka mitatu kuelewa kwamba hakuna kazi ya kujaza, kazi ni kutafuta pale ambapo mwenzako hayupo.

Nikupe mfano, shika gitaa kama unalo. Tuseme wimbo uko C na unazunguka C, F, G, kama nusu ya nyimbo zetu zote. Rithim anakaa chini huku kwenye freti za mwanzo, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, anakata kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa mpigo, chaka-chaka, mkono haupumziki. Solo yuko juu huko, freti ya 8 kwenda 12, anapiga nyuzi mbili mbili kwa pamoja zinazokwenda sambamba, ule utamu wa dansi la kwetu uko hapo. Mimi nabakiwa na kati. Nachukua nyuzi tatu nyembamba tu: C naishika freti ya 5 uzi wa G, ya 5 uzi wa B, ya 3 uzi wa E. Kwenda F, uzi wa G kidole hakitoki, kinabaki pale pale 5, hivi vingine viwili ndo vinapanda, B inaenda 6 na E inaenda 5. Yaani mkono hausafiri kabisa, sauti moja inabaki na mbili zinasogea, na msikilizaji wala hajui kodi imebadilika, anajisikia tu kama kiti kimesogezwa kidogo. G unashuka kidogo, 4, 3, 3. Alafu hizo noti huzipigi kwa mpigo, unazichambua moja moja, na unaanza baada ya rithim kushusha mkono, sio pamoja naye. Ukianza naye mmekuwa rithim wawili na kelele. Ukimsubiri nusu ya nusu ya sekunde, unamkuta kaacha upenyo, unaingia, unatoka kabla solo hajajibu.

Jaribu taratibu kwanza. Mimi nilijaribu haraka na nikaharibu harusi.

Ukitaka kusikia ndugu wanaofanya hivi kwa kiwango cha kutisha, tafuta rekodi za African Jazz na African Fiesta, bendi za Kongo, za miaka ya 60. Docteur Nico ndo kila mtu anamtaja kwenye solo, na haki yake, ila pembeni yake kuna kaka yake, Déchaud, anapiga chini ya ile solo kama mtu anayemtandikia mkeka. Ukimtoa Déchaud masikioni utaona Nico anaelea hewani. Mi niliwahi kukaa na kaseti moja mwezi mzima namsikiliza Déchaud tu, naipiga narudisha, mpaka utepe ukaliwa na mashine, binamu akaukunjua kwa kalamu na baada ya hapo kuna sehemu gitaa lilikuwa linasikika kama liko chini ya maji. Na hapa kwetu, kwa rithim, wa kusikiliza ni Profesa Omari Shabani wa Les Wanyika. Yule mkono wake ulikuwa saa ya ukutani. Wengi wanaimba Sina Makosa toka mwanzo hadi mwisho na hawajui wanachocheza ni mkono wa kulia wa huyo bwana.

Watu hudhani bendi ya familia ni rahisi kwa sababu mnapendana. Mnapendana sawa, ila tofauti kubwa ni vyombo na milango. Bendi nyingi za Tanzania enzi zile vyombo vilikuwa vya shirika au chama, NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ni mwajiriwa, akikorofishana na kiongozi anaacha gitaa la watu jukwaani kesho yuko bendi nyingine. Ndo maana historia ya dansi ni historia ya watu kuhamahama. Sisi hatukuwa na pa kuhamia. Ukigombana na mpiga solo Jumamosi usiku, Jumapili mchana unamkuta kwa mama anakula wali na amekaa kwenye kiti chako.

Na vyombo vilikuwa vya mama. Nasema kweli. Ampu ya kwanza ilinunuliwa kwa pesa yake ya vitenge kwahiyo kila shoo mgao wa kwanza unaenda kwake, wa pili nauli, wa tatu nyuzi, alafu sisi. Tulipiga harusi, tulipiga kwenye makambi ya mkonge siku za mshahara, tulipiga ukumbi mmoja ambao mwenyewe alitulipa kwa kreti za soda na ahadi, soda tukanywa. Miaka ya mwanzo ya 80 nyuzi zilikuwa hazipatikani kabisa, nyuzi za besi zikichoka sauti inakuwa kama unapiga kamba ya nguo, basi mdogo wangu alikuwa anazivua anazichemsha kwenye sufuria na sabuni, zile taka za jasho na mafuta zinatoka, ukifunga tena zinalia vizuri siku kadhaa. Sufuria lilikuwa la maharage. Dada mpaka leo anadai kuna futari moja ililiwa na ladha ya besi.

Ugomvi mkubwa kabisa haukuwa wa pesa lakini, ulikuwa wa sauti. Kaka akipanda kidogo kwenye ampu, mimi napanda, binamu anapanda, mwimbaji hasikiki, dada anaweka maiki chini anaenda kukaa kwa wageni waalikwa anakula pilau. Alifanya hivyo mara mbili mbele ya bwana harusi. Dawa alitoa mzee, mazoezi yote yakawa bila umeme, magitaa makavu, uani, na sheria ni moja tu: kama humsikii dada akiimba kwa sauti ya kawaida basi wewe ndo unayepiga sana. Hiyo sheria tunayo mpaka saivi na naipendekeza kwa bendi yoyote, hata zile zenye mitambo ya mamilioni. Hasa zile.

Miaka sita iliyopita kaka alipata kiharusi, upande wa kushoto. Kwa mpiga gitaa anayeshika freti kwa kushoto unajua maana yake, sina haja ya kusema zaidi. Wote wakanigeukia mimi, haya sasa solo ni yako, umesubiri vya kutosha. Nilijaribu wiki tatu. Noti zote nilikuwa nazijua, nimezisikia maisha yangu yote, ila kila nikimaliza kifungu nilikuwa nasimama nasubiri mtu aseme kitu, kama mpumbavu, manake ndo nilivyozoea.

Kwahiyo kiti akapewa mtoto wa kaka. Kijana ana vidole balaa, kajifunza YouTube, anaweza kukupigia mambo ya Marekani huko yenye noti thelathini kwa pumzi moja. Na alizipiga zote thelathini. Juu ya mwimbaji, juu yangu, juu ya ngoma za tumba. Nikamwambia, mwanangu, acha upenyo. Akaniambia, baba mdogo, upenyo si ndo uvivu? Sikubishana naye, nikamhamishia rithim mwaka mzima. Alinuna, mama yake akanipigia simu, kidogo tuvunje undugu. Mwaka mzima anakata kodi tatu tu na kunisikiliza mimi nikiingia na kutoka.

Alirudi kwenye solo kwenye send-off moja maeneo ya Raskazone. Kaka tulikuwa tumemuweka kwenye kiti cha plastiki karibu na tumba, siku hizi anapiga manyanga kwa mkono wa kulia, na nikwambie hakuna mtu mkali wa mwendo kama yeye tangu aache gitaa. Tukaingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze. Kijana akaanza vizuri, kifungu cha kwanza, cha pili, watu wameinuka, na mi nikamuona kabisa anavuta pumzi anataka kumwaga zile thelathini. Kaka hakugeuka wala nini. Alishusha manyanga mara moja kwenye mguu wa kiti, ta!, kijana akainua mkono kwenye nyuzi, na pale pale alipoinua nikaingia na 5, 5, 3.