Wahakiki Hawajakubaliana, Tafadhali

“Mama anamenya viazi saa tatu nzima, eti hiyo ndiyo filamu bora duniani?” Swali hili halikauki barazani hapa Lamu, na muulizaji kwa kawaida hajaitazama hiyo Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni nyongeza yake: “Basi wahakiki ndivyo walivyokubaliana.”

Hawajakubaliana na lolote. Kura ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, ndiyo iliyoiweka Jeanne Dielman nafasi ya kwanza mwaka 2022, nayo hupigwa kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mhakiki huleta majina kumi, basi. Hapangi. Aliyoiandika juu kwa mahaba na aliyoikumbuka dakika ya mwisho ili kujaza nafasi zote zinapata kura moja moja. Kisha zinahesabiwa.

Hebu uliza watu mia wa Mkunguni wakutajie vyakula kumi kila mmoja. Pilau itashinda. Huenda hakuna hata mmoja anayeipenda kuliko vyote. Wa mofa anaapa kwa mofa, wa samaki wa kupaka habanduki. Lakini karibu kila mmoja ataitia pilau mle kati, na kura ni kura. Ukitangaza kwamba Lamu imekubaliana pilau ndiyo bora, umeisingizia Lamu.

Tena afadhali pilau. Mwaka 2012 walipiga kura watu 846. Vertigo ikaongoza kwa kura 191, Citizen Kane ikawa na 157, baada ya kukalia kiti tangu 1962. Piga hesabu: 191 kwa 846 haifiki hata robo. Zaidi ya watu watatu katika kila wanne hawakuitaja kabisa hiyo “bora”! Makubaliano gani hayo?

Kanuni nazo zina mkono wake. Mwaka 2002 sehemu mbili za kwanza za The Godfather zilihesabiwa kama filamu moja, zikashika nafasi ya nne. 2012 zikatenganishwa, na hakuna iliyoingia kumi bora. Filamu ni zile zile, hakuna aliyekata hata picha moja.

Huku chini ndiko vichekesho. Katika orodha ya 2022, Black Girl ya Ousmane Sembène iko nafasi ya 95, pamoja na nyingine tano zenye kura sawa nayo. Kura moja tu ingeiondoa kwenye msongamano huo, na watu wanataka kugombana kwa ajili yake.

Wanaosema 2022 iliharibiwa kwa kuongeza wapiga kura hadi zaidi ya 1,600, sina la kuwajibu kwa urahisi. Ukibadilisha wapigaji, matokeo hubadilika. Lakini wale wachache wa zamani nani aliwapa dunia? Kutoa alama kwa mpangilio, kumi hadi moja, nako sikuamini: mtu anayeshindwa kuchagua kati ya ya tatu na ya saba atabahatisha, na ubahatishaji wake utageuka alama.

Ubishi wenye faida uko kwenye karatasi za mhakiki mmoja mmoja, na zinachapishwa. Tafuta aliyetaja filamu mbili uzipendazo, kisha tazama nane zilizobaki. Ikiwa Jeanne Dielman imo, tenga dakika 201 na usiruke. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Hapo ndipo pa kukaa macho.